Kichaka cha Upande wa Kulia

Naserian amenisumbua mpaka nimekubali. Kila akinipigia simu ni hilo hilo: "Mzee Qamara, andika. Vijana wanaokuja hawatajua kwa nini mezani petu, katikati ya vidude vya bei ya ng'ombe, kuna kimoja cha bei ya nyanya za mnadani." Haya, naandika, ingawa mkono wangu umezoea usukani kuliko kalamu. Anayetaka kujua nani alipandishwa cheo na lini, aende ofisini akaulize, wao wanazipenda habari hizo. Mimi nitaeleza kusikiliza, na nitaeleza woga, maana kwangu hivyo viwili viliishia kukaa chumba kimoja.

Kwa asiyetujua, Chumba cha Masikio kiko nyuma ya gereji ya kampuni yetu ya utalii, hapa Karatu mjini. Kampuni inakodisha vifaa vya sauti kwa watu wa filamu wanaopanda Ngorongoro, na kwa wageni wanaotaka kusimama ukingoni mwa Kreta asubuhi wasikilize viboko na fisi wa kule chini kupitia maikrofoni kali. Sasa maikrofoni nzuri ukiisikiliza kwa kifaa kibaya ni sawa na kunywa maziwa kwenye kikombe kilichobeba mafuta ya taa. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kupima na kulinganisha vipokea sauti vya masikioni, vile vya gharama, vinavyoingia ndani kabisa ya tundu la sikio. Hilo ndilo jina lake kwenye maboksi. Sisi tuliviita vidude. Kila aina mpya ilipimwa mara mbili, mara moja na mashine na mara moja na sikio la mtu, kisha tukalinganisha. Sikio la mtu lilikuwa langu.

Kabla ya hapo nilikuwa dereva wa wageni. Sitasema miaka mingapi, ilikuwa mingi. Kiwiko cha kulia juu ya dirisha, dirisha wazi, upepo na vumbi vinaingia, injini inanguruma, redio ya upepo inakoroma. Niliacha kwa ajili ya mgongo. Ile njia ya kushuka Kreta haina huruma na mgongo wa mtu. Meneja wetu, Bwana Tarmo, hakutaka niende nyumbani, kwa sababu nilikuwa na sifa moja barabara nzima: Qamara anasikia. Nilikuwa nazima gari, nanyoosha kidole, nawaambia wageni simba wako nyuma ya kilima kile, na kweli, tukizunguka tunawakuta wamelala. Sifa hiyo ndiyo iliyonipa kazi ya pili. Ndiyo pia iliyokuja kuninyima usingizi.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Boay, fundi wa redio, naye dereva mstaafu kama mimi. Alinikalisha kwenye kiti cha mbao, akanivisha vidude, akasema, "Funga macho."

"Nimefunga."

"Funga na mdomo."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alinifundisha kuchagua mipira, vile vikofia laini vinavyoziba tundu la sikio, kwa sababu mpira ukipwaya besi yote inakimbia, na utailaumu mashine bure. Alinifundisha nisitazame grafu kabla sijasikiliza. "Ukiona mstari kwanza," alisema, "macho yako ndiyo yatakayosikia." Nendeni na sheria hiyo mpaka kaburini. Yeye mwenyewe akisikiliza aliinamisha kichwa, sikio la kushoto mbele, kama kuku anayekagua punje. Na madereva tuliowaita mara mojamoja watusaidie kusikiliza walikuwa na mwinamo uleule, bila kufundishwa na mtu. Tukasema hiyo ndiyo alama ya msikilizaji wa kweli. Sikuwahi kujiuliza mtu aliyeziba masikio yote mawili kwa vidude anainamia nini.

Mashine ya Boay tuliiita Sikio la Chuma. Ilikuwa kibomba kifupi kama pingili ya kidole, chini yake kumebandikwa maikrofoni ndogo. Unachomeka kidude mdomoni mwa kibomba, unapiga sauti kuanzia ile nene ya ngoma mpaka ile nyembamba ya nyenje, na kompyuta inachora mstari. Mwekundu wa kulia, wa buluu wa kushoto. Pea ikiwa nzima, mistari inalaliana. Tatizo ni kwamba Boay alikitengeneza kibomba kwa mkono wake, na kila ulipobonyeza kilitoa jibu jipya. Kikikubaliana na sisi tunakisifu, kikikataa tunasema leo kimeamka vibaya.

Jambo la mwisho alilonifundisha ni la kulia. "Vidude vya siku hizi," alisema, "upande wa kulia huwa umefunikwa. Ongeza kidogo kabla hujampa mgeni." Kwenye kila kifaa cha kuchezea sauti alikuwa ameweka alama kwa rangi ya kucha ya mkewe, kuonyesha kulia kuongezwe mpaka wapi. Nikasikiliza. Kweli bwana, kulia kulikuwa kumefunikwa, kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Nikaona mzee huyu ni bingwa. Wageni wengine walilalamika kwamba kulia kunawachoma, na Boay alikuwa na jibu: ni ndege walizopanda, zimewaharibu masikio. Nami nikatikisa kichwa, maskini, kama mtu aliyeelewa.

Kesi zilikuwa nyingi. Vumbi letu jekundu ndilo lililotutesa zaidi. Waongoza wageni walirudisha vidude wakisema vimekufa, na kwenye grafu ungeona sauti zote nyembamba zimeporomoka. Ukitazama kwa lenzi, kile kichujio kidogo cha mbele kimezibwa na udongo. Na kwa nini? Kwa sababu kijana amekifuta kwa mate na pindo la shuka. Vumbi la Karatu ukilitia mate unafyatua tofali. Chukueni mswaki laini, mkavu, geuzeni mdomo wa kidude uangalie chini ili uchafu udondoke, na msipulize kwa mdomo hata mkiambiwa na bosi.

Kesi ya pili naikumbuka kuliko zote. Mgeni mmoja alipanda toka Karatu mpaka ukingoni, na alipovaa vidude akaanza kufoka kwamba nimempa vibovu, havitoi kitu. Nikamwangalia, nikamwambia ameze mate. Akanitazama kama mwendawazimu, lakini akameza. Uso wake ukafunguka kama mlango. Masikio yake ndiyo yaliyokuwa yameziba kwa kule kupanda. Nilicheka njia nzima ya kurudi. Mtu analaumu kifaa kumbe ni sikio lake! Nyani haoni kundule, nikawaambia gereji nzima.

Nyumbani kwangu ni Ganako, na nyenje ni wengi. Nilipokuwa nimelala chali niliwasikia upande wa mlango tu, upande wa kushoto. Nikaamini wanapenda ghala la mahindi lililo upande ule. Halafu bati likaanza kuvuja juu ya mito yetu, tukageuza kitanda, kichwani pakawa miguuni. Mke wangu Martha akasema sasa yeye anapenda kulala ukutani, mimi nikae nje. Sawa. Nikajilaza chali, na nyenje wote walikuwa wamehamia ukutani, kushoto kwangu vilevile. Mlangoni kimya. Nilikaa nimetoa macho gizani. Nikajiambia wamehama, wadudu wana miguu. Lakini tangu siku hiyo niliogopa. Nilianza kukwepa kusimama na mtu kulia kwangu. Simu nikaibana sikio la kushoto. Nilipoulizwa kitu nikachelewa kujibu nilijifanya nawaza. Mtu anayekula kwa sikio lake akianza kulishuku, chakula chenyewe hakipiti kooni.

Boay alipostaafu akaenda Mang'ola kulima vitunguu. Nafasi yake ya upimaji akapewa Naserian, binti wa kijiji cha Oloipiri aliyetoka chuo cha ufundi Arusha. Madereva walimwita yeyo, mama kwa Kimaasai, hata wale wenye umri wa kumzaa. Asubuhi ya kwanza alinipa shikamoo, akazunguka meza, akasimama mbele ya rangi ya kucha.

"Mzee, hii ni nini?"

"Nyongeza ya kulia."

"Ya kidude kipi?"

"Vyote."

"Vyote, mzee? Hata vya viwanda tofauti?"

"Binti, vyote. Kulia kunafunikwa."

Hakubisha. Naserian akiacha kubisha ndipo uogope. Mwezi uleule aliomba Sikio la Chuma jipya, la kiwandani, akalipata. Akapima pea moja mara nyingi na mistari ikatoka ileile. Mwekundu ukalala juu ya wa buluu mpaka ukadhani ni mmoja. Akapima pea nyingine, vivyo hivyo. Mimi nikasikiliza: kulia kumefunikwa. Ripoti zetu zikaanza kwenda ofisini zikiwa na majibu mawili, yake sawa, yangu kulia pabovu. Kila nilipoona ile mistari imelaliana, niliigeuzia kompyuta mgongo.

Ikaja kazi ya watu wa filamu. Walitaka vidude vipya kabla hawajashuka Kreta, nasi tulipaswa kuchagua aina moja kati ya zile za bei mbaya. Bwana Tarmo hakutaka majibu mawili. Akawaita madereva wa zamani, wenye masikio ya sifa, akiwemo rafiki yangu Petro, mwenye mdomo kuliko sisi wote. Wakasikiliza mmoja baada ya mwingine, vichwa vimeinama kama kuku. Wote wakasema lile lile. Petro akavua vidude akasema, "Yeyo, kulia kwako kumelala. Kuamshe."

Meneja akamgeukia Naserian. "Wengi wape. Watu wote hawa wamekosea, wewe peke yako na bomba lako ndio mko sahihi?"

"Meneja, mashine haimjui mtu."

"Mimi nawajua hawa. Hawa wamesikia chui akikanyaga jani." Akakuna kidevu. "Bado uko kwenye majaribio, Naserian. Jumatatu nataka jibu moja. Kama mashine yako ni mbovu, au hujui kuitumia, tutaagana kwa amani."

Basi ikawa hivyo. Ama mashine yake inadanganya, ama sikio langu, na mmoja wetu angetoka kwenye chumba kile. Nitasema ukweli wa nilivyojisikia: nilipata nafuu. Madereva wote wako upande wangu! Halafu nikamwona Naserian anafunga waya zake polepole, na nafuu ikageuka kitu kichungu mdomoni. Nilitamani niwe na hakika kama Petro. Nilikuwa na nyenje tu.

Jioni ya Ijumaa, wenzetu wakiwa wameondoka, aliniomba nikae. "Mzee wangu, nina sauti nimerekodi nyumbani. Sitakuonyesha mstari wowote. Sikiliza tu, halafu uniambie unachokiona."

Akanivisha vile vya gharama. Hivyo vimefinyangwa kufuata umbo la sikio, cha kulia hakiingii kushoto hata ukilazimisha. Nikafumba macho. Ng'ombe walikuwa wanapita. Kengele zilianza kushoto, mbali, zikaja zikaongezeka, za bati na za shaba, kila moja na ulimi wake, na kwato zinakwaruza mawe. Wakafika mbele ya uso wangu, wakaendelea upande wa kulia. Hapo kengele zikaanza kuzimika. Kwato nilizisikia bado, nzito, lakini milio imepotea.

"Wazuri," nikasema. "Ni wa mzee wako?"

"Wa baba. Umewaonaje?"

"Wametoka kushoto, wamepita mbele yangu, halafu wameingia kichakani."

"Kichaka kiko wapi, mzee?"

"Hapa kulia. Kikubwa."

Nikafungua macho, nikakuta ananitazama kama unavyomtazama mzazi wako aliyeanguka mbele za watu, hujui umwinue au ujifanye hukuona.

"Mzee," akasema, "pale hakuna kichaka. Ni uwanda mtupu. Nilisimama mwenyewe. Hata mti wa kufungia mbuzi hakuna."

Nikasema labda upepo. Nikasema labda wale wa mwisho hawakuvaa kengele. Nikasema labda kidude kile kweli kina kasoro, si ndicho ninachosema siku zote? Alinisubiri nimalize. Kisha akatoa mfukoni vidude vyake vya kusikilizia muziki, vile vya mnadani, vya mviringo, visivyo na umbo la kulia wala kushoto.

"Hivi vinakubali kugeuzwa," akasema. "Vaa kwanza kawaida." Nikavaa. Sauti mbaya, ya bati tupu, lakini ng'ombe walipita kama mwanzo, wakaingia kichakani. "Sasa cha kulia weka kushoto, cha kushoto weka kulia. Udhaifu ukihama, ni kidude. Usipohama..." Hakumalizia, na nilimshukuru.

Niligeuza. Kidude kimoja kikaniponyoka, nikakiokota sakafuni. Nikafumba macho, nikaomba, jamani niliomba kabisa, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Safari hii ng'ombe walianzia kulia. Nikasikia kwato. Kengele sikusikia. Kwato, kwato, halafu polepole, walipofika mbele ya uso wangu, kengele zikafunguka moja baada ya nyingine, wakatembea kushoto zikilia zote. Walikuwa wanatoka kichakani. Kichaka hakikuhama. Kilikuwa kimekaa pale pale, begani kwangu.

"Utamwambia meneja?" nikauliza.

"Hapana, mzee."

"Jumatatu watakufukuza."

"Najua." Akazungusha waya kwenye vidole. "Lakini sikio ni lako. Siwezi kwenda kulisema sikio la mzee ofisini." Akaniaga kwa heshima zote, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa natazama kwaya. Sauti ya kwanza, akina mama, husimama kulia kwa tunaokaa mabenchi ya kati, na kwa muda mrefu nilikuwa naamini akina mama wa parokia yetu ni wavivu wa kuimba. Niliwahi hata kumshauri mwalimu wa kwaya awaongeze. Sasa nikageuza kichwa taratibu, nikawaelekezea sikio la kushoto. Loo! Walikuwa wanaimba kwa nguvu zote, mishipa imewatoka shingoni. Nikainamisha uso, watu wakadhani nasali. Mwanzoni nilikuwa nawaza nitakuwa nani nisipokuwa Qamara anayesikia. Baadaye nikamwaza yule binti anarudi Oloipiri kumwambia baba yake kwamba kazi imeisha kwa sababu hajui kusikia. Masikio hayapiti kichwa, walisema wazee, na kichwa changu kilijua tayari.

Jumatatu madereva walikuwepo, na Bwana Tarmo amesimama mlangoni na funguo mkononi. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Meneja, mashine ni nzima. Sikio langu la kulia ndilo bovu."

Petro akacheka. "Qamara, acha utani. Basi na letu bovu?"

"Sijui. Kaa hapa."

Nilimvisha mwenyewe vile vya mnadani, nikapiga ile rekodi ya ng'ombe wa Oloipiri. Akasema wameingia kichakani. Nikamgeuzia. Akasikiliza, kichwa kimeinama, kisha akapiga kelele, "We! Kichaka kimenifuata!" Wote wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Akaja wa pili, kichaka kikamfuata. Wa tatu, kikamfuata. Alipoondoka kitini wa nne, hakuna aliyekuwa anacheka tena. Tulitazamana. Petro ndiye aliyeelewa kwanza. Alikaa kwenye kile kiti cha mbao, akashika usukani usiokuwepo, akaweka kiwiko cha kulia juu ya dirisha lisilokuwepo, sikio limeelekea upepo. Akabaki hivyo. Na nje, gerejini, magari yalikuwa yamepangwa mstari, madirisha ya kulia yote yameshushwa.

Tulikuwa tumekubaliana kwa sababu tulikaa dirisha moja. Boay naye alikaa hapo. Kumbe mwinamo wa kuku haukuwa kipaji, ilikuwa sikio zima linajitanguliza. Na wale wageni tuliowachoma upande wa kulia, miaka yote ile, hawakuharibiwa na ndege yoyote.

Meneja alimwomba radhi Naserian mbele yetu, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya kabla wala baada. Vidude vya watu wa filamu vikachaguliwa kwa grafu zake na kwa masikio ya wapishi wawili wa kambi na katibu wa ofisi, watu wasiowahi kushika usukani. Rangi ya kucha niliikwangua mimi kwa wembe. Nilibaki mpaka mwisho wa msimu, nikifundisha mipira na mswaki, na kusikiliza besi, ambayo bado naisikia pande zote. Ndiyo maana vile vya mnadani viko mezani. Msikilizaji yeyote, hata awe na sifa kama zangu, avae kwanza hivyo na kuvigeuza kabla hajahukumu kitu cha mwenzake. Wala msikusanye wasikilizaji waliofanana. Watakubaliana upesi, nanyi mtafurahi bure.

Siku ileile ya Jumatatu nilikwenda hospitali. Walinifungia kwenye kijumba, wakanipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Sikio la kushoto nilibonyeza kama mtu anayepiga kinanda. La kulia nilikaa na kidole hewani, nikimtazama nesi kwenye kioo, nikijaribu kumsoma usoni kama mlio umepita. Waliniambia hakirudi kitu kilichokwisha kupotea. Nilijua.

Lakini nilikuwa bado na safari moja ngumu, ya kumwambia Martha. Nilimwogopa kuliko meneja. Huyu mwanamke aliolewa na Qamara anayesikia, majirani walimpongeza kwa hilo. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, anachambua maharage. Nikavuta kigoda changu, nikazunguka zunguka maneno, hali ya hewa, mbolea, mpaka akasema, "Baba Elia, sema."

Nikasema. Dirisha, kengele, kichaka, hospitali. Akaendelea kuchambua maharage, anatupa mabovu, anabakiza mazima.

"Mbona hushtuki?" nikauliza.

"Kanisani nakaa upande gani wako?"

"Kushoto."

"Tukienda sokoni?"

Nikafikiri. "Kushoto. Mama Elia, ulijua?"

"Nilikuita sana kulia kwako, Baba Elia. Mwanzoni nilidhani umenichoka." Akapepeta ungo, pumba zikaruka. "Halafu siku moja nikakuita kushoto, ukageuka na kucheka. Nikajua."

Nikakumbuka kitanda. "Na ile siku ya bati? Ulisema unapenda kulala ukutani."

Martha akaweka ungo chini, akanitazama kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Nani anapenda ukuta, Baba Elia? Ukuta wa Ganako una baridi mwaka mzima."